Baridi Iliyobebwa Kichwani

Kila mwaka mvua za vuli zikishakatika, mito ya kwetu Nyeri hukonda. Kuanzia Januari hadi masika yanapokaribia, mto Gura, ambao wakati wa mvua hunguruma hata ukadhani mlima unaporomoka, huzungumza kwa sauti ya chini. Maji hutakata yakawa kama kioo. Ukisimama ukingoni unaweza kuhesabu kokoto, na ukitulia vizuri utamwona trauti mwenyewe, kichwa kikielekea kule maji yatokako, mkia ukipepea polepole kama jani lililonaswa na utando wa buibui.

Wavuvi wengi hawaupendi wakati huo. Husema samaki ni mwoga, maji ni machache na kapu hurudi tupu. Mimi ndio wakati niupendao. Katika mto uliojaa, mvuvi mzembe husaidiwa na matope. Katika mto uliopungua hakuna wa kumsaidia, kwa maana samaki anaonekana, na mvuvi naye anaonekana. Nimefundisha shule za msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, na nilipostaafu nilijipa kazi mbili: kuvua trauti kwa nzi wa bandia, na kusoma historia ya huyo ninayemvua. Nimegundua kwamba kazi hizi mbili zinafanana. Historia nayo ina wakati wa mafuriko, sifa zinapofunika kila kitu, na ina wakati wa kiangazi, mawe ya chini yanapojitokeza.

Tuanze na jiwe la kwanza. Trauti si samaki wetu. Aliletwa hapa mwaka wa 1905 na Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyejipatia jina kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo. Mayai yalitoka Loch Leven, ziwa la Uskoti, na vifaranga wakatiwa katika mto wetu wa Gura. Hao walikuwa trauti wa kahawia, wenye madoa meusi na mekundu ubavuni. Miaka mitano baadaye, mwaka wa 1910, akaletwa kutoka Afrika Kusini yule trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni mito ya upande wa Pasifiki wa Amerika ya Kaskazini. Huyu wa pili ndiye aliyeenea zaidi katika mito ya Mlima Kenya na Nyandarua.

Huenda msomaji wangu akauliza, samaki wa nchi ya barafu alisafirishwaje kupitia bahari ya joto hadi penye Ikweta? Jambo hili lilinishangaza mimi pia mpaka niliposoma habari za mayai yake. Trauti wa kahawia hutaga kati ya majira ya kupukutika kwa majani na majira ya baridi, maji ya kwao yakiwa yamepoa. Jike huchimba kishimo katika changarawe kwa mkia wake, hutaga humo, kisha huyafukia mayai na kwenda zake. Katika maji ya nyuzi 10 za Selsiasi, yai huanguliwa baada ya wiki kama sita. Katika maji ya nyuzi 5 hukaa siku zipatazo 80, na baridi ikizidi hukaa zaidi. Baridi hailiui yai, bali hulilaza. Na likisha kuonyesha macho yake mawili, vidoa viwili vyeusi ndani ya kitone cha rangi ya chungwa, huwa gumu kiasi cha kuvumilia safari.

Siri hiyo ndiyo iliyotumiwa mwaka wa 1864, meli iitwayo Norfolk ilipoondoka London mwezi wa Januari kwenda Australia. Majaribio ya kabla yake yalikuwa yameshindwa. Safari hii mayai ya samoni, pamoja na machache ya trauti, yalipangwa katika masanduku yenye kuvumwani mbichi, na masanduku yakazikwa chini ya barafu tumboni mwa meli. Baada ya karibu miezi mitatu baharini, mengine yalikuwa bado hai, na mwezi wa Mei trauti wa kwanza wakaanguliwa kando ya mto Plenty, kisiwani Tasmania. Kwa hiyo aliyemleta trauti huku kusini hakusafirisha samaki tu. Alisafirisha na kipande cha majira ya baridi, akakifunga sandukuni ili yai lisijue kwamba limeondoka nyumbani.

Sasa tuitazame safari ya kwetu. Mwaka wa 1905 reli ilikuwepo, lakini kutoka relini hadi Gura hapakuwa na barabara ya gari, wala gari lenyewe. Palikuwa na msitu, mianzi, matope na kibaridi cha Nyandarua. Mizigo yote ya nchi hii ilipita katika njia kama hizo vichwani na mabegani mwa wapagazi, na trauti naye alipita hivyo. Fikiria mtu aliyevaa ngozi au shuka moja, ametwikwa maji ya baridi na kuambiwa asiyatikise, kwa ajili ya samaki ambaye hangeruhusiwa kumvua. Jina la Grogan limo katika kila kitabu kinachogusa habari hii. Majina ya wapagazi sijayakuta katika hata kimoja nilichosoma.

Wazee wetu Wagikuyu hawakula samaki. Walimwona kama jamaa ya nyoka, na mtoto aliyemchezea alikaripiwa. Kwa hiyo sidai kwamba mzungu alitunyang'anya kitoweo. Alichotunyang'anya ni mto. Maji yaliyokuwa ya kuchota, ya kuoga na ya kunyweshea mbuzi yaligeuka kuwa maji ya leseni. Sheria ikasema nani avue, avue kwa chambo gani, na samaki wa urefu gani arudishwe. Mwaka wa 1948 kituo cha kuangulia trauti kikaanzishwa Kiganjo, na vifaranga wakawa wanamwagwa mitoni ili wenye leseni wasikose mchezo.

Marehemu baba yangu alikuwa mmoja wa vijana waliowabebea kapu wenye leseni hao. Alianza akiwa na umri wa miaka kumi na mitano hivi. Kazi yake ilikuwa kutembea nyuma ya bwana, kubeba chakula na wavu, na kunyamaza. Hakushika ufito hata siku moja. Siku moja alimwokota trauti aliyekufa, aliyekwama kwenye mizizi, akampeleka nyumbani ili amwonyeshe mama yake madoa yake mazuri. Askari wa mto alimkuta naye njiani. Baba alichapwa viboko sita na kufukuzwa kazi. Alinisimulia kisa hiki mara mbili tu maishani mwake, na mara zote mbili alisisitiza jambo moja: kwamba hakukusudia kumla.

Kisha ikaja Oktoba 1952, na hali ya hatari ikatangazwa. Msitu wa Nyandarua, ambao sehemu yake ilikuwa imefanywa mbuga ya taifa mwaka wa 1950, ukawa uwanja wa vita. Raia aliyeonekana humo aliweza kupigwa risasi. Vijito vilevile vya trauti vikawa vya kunywesha wapiganaji na vya kuoshea majeraha, hata Dedan Kimathi alipokamatwa karibu na ukingo wa msitu, tarehe 21 Oktoba 1956. Nivuapo sehemu za juu hukumbuka hayo. Maji ni yaleyale, na wala hayana kumbukumbu. Kukumbuka ni kazi yetu sisi.

Baba alinifundisha kuvua baada ya uhuru, yeye ambaye hakuwahi kuvua. Nilinunua ufito mkuukuu kwa mtu aliyekuwa anahama nchi, nikapata na leseni yangu halali. Nikaenda Gura mwezi wa Februari, maji yakiwa yamepungua. Baba alikuja kunitazama. Nilisimama wima juu ya jiwe, nikarusha mshipi, na trauti wote waliokuwa katika kidimbwi wakatoweka kama moshi. Baba akacheka, akasema, "Piga goti, mwanangu."

Nilikasirika. Nilidhani ni mazoea ya utumwa yanasema. Nikamjibu kwamba tumeshapiga magoti ya kutosha katika nchi hii. Akaniambia kwa upole, "Si kwa mtu. Kwa samaki."

Miaka mingi baadaye nilisoma katika vitabu sababu ya maneno yake. Nuru hupinda inapoingia majini. Kwa hiyo samaki akitazama juu huiona dunia yote ya nje kupitia duara moja tu lililo juu yake, kama mtu aliye kisimani. Duara hilo hufuata pembe ya nyuzi zipatazo 97, na nje yake samaki huona uso wa maji tu, uking'aa kama kioo kwa ndani. Kitu kilicho chini sana, karibu na usawa wa maji, humfikia kikiwa kimebanwa na kufifia pembeni mwa duara. Ndiyo maana asimamaye huonekana na apigaye goti husalimika. Baba hakusoma hayo. Aliyajua kwa kutazama, kwa sababu kwa miaka mitatu kazi yake ilikuwa kutazama tu.

Mengine pia alinifundisha. Mwendee samaki kutoka nyuma, kwa kuwa yeye hutazama kule maji yatokako. Usikanyage kwa kishindo, maana ardhi hupeleka habari majini. Kivuli chako kiwe nyuma yako. Ncha ya mshipi iwe ndefu na nyembamba, na nzi awe mdogo kuliko unavyofikiri. Samaki akikataa mara mbili, mwache apumzike.

Nilipokuja kusoma mabishano ya wavuvi wa Uingereza nilitabasamu. Frederic Halford, ambaye kitabu chake cha nzi wanaoelea kilitoka mwaka wa 1886, aliwapa wafuasi wake imani kwamba uvuvi wa kiungwana ni ule wa nzi aeleaye juu ya maji peke yake. Wakili mmoja aitwaye G. E. M. Skues akathubutu kuandika, mwaka wa 1910, kwamba trauti hula zaidi chini ya maji, hivyo si dhambi kumpelekea chambo kilichozama. Ugomvi huo uliendelea hadi mwaka wa 1938, wenye klabu walipokutana London kuujadili rasmi. Na aliyeukamilisha ujuzi wa nzi azamaye katika maji maangavu alikuwa mlinzi wa mto wa mshahara mdogo, Frank Sawyer wa mto Avon, huko Netheravon. Nzi wake aliyejulikana kuliko wote hufungwa kwa vitu viwili tu: nyuzi za manyoya ya mkia wa ndege aina ya fezanti, na waya mwembamba wa shaba badala ya uzi. Hata kwao basi, ujuzi mwingi ulitoka kwa mtu aliyekaa ukingoni akitazama.

Msomaji asidhani kwamba ninamchukia Grogan. Mto mwangavu haukubali chuki wala sifa nyepesi. Mwaka wa 1907 mtu huyo aliongoza kundi lililowachapa viboko hadharani Waafrika watatu, wavuta rikshoo, mbele ya mahakama ya Nairobi, akahukumiwa kifungo cha mwezi mmoja. Mtu huyohuyo alitoa ardhi ya hospitali ya watoto ya Gertrude's Garden, iliyofunguliwa mwaka wa 1947 kwa kumbukumbu ya mkewe, ambako watoto wa rangi zote hutibiwa leo. Mawe yote mawili yamo mtoni. Anayeonyesha moja na kulificha la pili anatia matope majini.

Wala trauti mwenyewe si malaika. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini wataalamu wameorodhesha trauti wa aina zote mbili miongoni mwa viumbe vamizi mia moja vibaya zaidi duniani, kwa jinsi walivyowala samaki wenyeji katika nchi nyingi. Ninayajua hayo, na bado moyo hunidunda nimwonapo akigeuka majini. Amezaliwa hapa, vizazi kwa vizazi. Hakuomba kuletwa, kama vile baba hakuomba kapu.

Kinachonisumbua sasa ni kingine. Zamani mto ulipungua kwa zamu yake na kurudi kwa zamu yake. Siku hizi unapungua kwa sababu ya mipira na mabomba yaliyolala kila ukingo, msitu uliokatwa huko juu, na joto lililozidi. Barafu ya Mlima Kenya, aliyoikanyaga Mackinder alipoukwea mwaka wa 1899, imebaki vipande. Trauti huanza kutaabika maji yakikaribia nyuzi 20. Siwezi kumlaumu jirani yangu anayemwagilia kabichi ili alipe karo. Nami pia ninamwagilia. Lakini ile baridi iliyobebwa kwa jasho la watu wasio na majina, tunaimaliza kidogo kidogo, na mara hii hatuna wa kumsingizia.

Januari iliyopita nilikwenda Gura na mjukuu wangu. Kidimbwi cha baba kilikuwa na maji ya kufika magotini tu. Tulimwona trauti mmoja kivulini mwa jiwe. Mtoto alitaka kukimbia ukingoni. Nikamshika mkono, nikamwambia apige goti. Akaniuliza, "Kwa nini, Guka?"

Nikaketi kwenye nyasi, nikaanza kumweleza tangu mwanzo, tangu kwa wapagazi. Siku hiyo hatukurusha mshipi.