Ubeti Mmoja Kati ya Shughuli: Kufuatilia Ushairi Mjini Eldoret

Eldoret ilitangazwa rasmi kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, lakini anayezungumzia fasihi ya Kiswahili ni nadra kuitaja. Ushairi ukitajwa, wasomi hukimbilia Mombasa, Lamu, Unguja na Pemba. Eldoret ikitajwa, watu hufikiria wanariadha, mahindi na ngano. Hata sisi tunaofundisha fasihi huku bara huwa tunaikubali picha hiyo bila ubishi. Makala haya yanaipinga. Ninadai kwamba tumezoea kuyapima maisha ya fasihi kwa vitabu, sherehe za uzinduzi na tuzo, ilhali kwa sehemu kubwa ya historia yake ushairi wa Kiswahili umesafiri pamoja na habari za kila siku na kupokewa na watu wenye shughuli zao. Mtu wa Eldoret anayefuatilia mashairi huku akitafuta riziki hasimami pembeni mwa fasihi. Ni wa aina ile ile ya wasikilizaji na wasomaji walioubeba ushairi huu tangu zamani.

Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga juu ya mambo yaliyokuwa yakiwasibu watu wa mji wake: ugomvi wa koo tawala za Mazrui na Mabusaidi, mapenzi, mambo ya nyumbani. Aliyelisikia shairi lake alikuwa amepata habari na sanaa kwa mpigo mmoja. Tungo hizo zilikaa vinywani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua alipomsaidia Mchungaji W. E. Taylor kuzikusanya mwishoni mwa karne ya 19, na diwani yenyewe ikachapishwa na mhariri Hichens mwaka 1940, takriban miaka mia moja baada ya kifo cha mshairi. Magazeti yalipokuja, ushairi uliingia humo kana kwamba nafasi yake ilikuwa imetengwa. Mambo Leo, lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha tungo za wasomaji kando ya habari za serikali na kilimo. Huku Kenya lilikuwapo Baraza tangu 1939, kisha Taifa Leo, lililoanza kutoka kila siku mwaka 1960 na ambalo kwa miongo mingi limewapa washairi wa kila pembe ya nchi ukurasa wa kukutania. Shaaban Robert na Saadani Kandoro walijulikana magazetini kabla ya wengi kuwasoma vitabuni.

Tuuangalie ukurasa huo kwa karibu, maana ndimo ilimo hoja yangu. Chukua shairi la kawaida la gazetini, la aina ya tarbia. Ubeti una mishororo minne. Kila mshororo una mizani 16, nane katika ukwapi na nane katika utao, na vina vya kati na vya mwisho vinatiririka hadi chini. Mshororo wa nne ni kibwagizo, nao hurudi kila ubeti unapokwisha. Chini ya ubeti wa mwisho pana jina la mtunzi, lakabu yake, na mji anakoishi. Sasa mfikirie anayelisoma. Ni mwendeshaji bodaboda anayengoja abiria, au dereva wa lori la mahindi aliyekwama kwenye foleni ya bodi ya nafaka, au mteja anayesubiri zamu yake kwa kinyozi, ambako nakala moja ya gazeti hupita mikononi mwa watu wengi kutwa nzima. Anasoma ubeti wa kwanza, anaitwa. Akirudi, hana haja ya kuanza upya. Wanaarudhi, yaani wanaoshika kanuni za jadi za ushairi, wana sharti wanaloliita utoshelezi: kila ubeti ukamilishe wazo lake. Kwa sharti hilo, aliyekatizwa baada ya beti mbili ana beti mbili kamili mkononi, si nusu ya kitu. Kibwagizo kinamrejesha kwenye mada. Vina vinamsaidia kuukariri mshororo na kwenda nao kazini, na jioni akautamka mbele ya wenzake ambao hawakuliona gazeti.

Ndiyo maana sikubaliani na maelezo yaliyozoeleka kuhusu mgogoro wa ushairi wa jadi na mashairi huru. Tangu mshairi Kezilahabi atoe diwani ya Kichomi mwaka 1974, na huku Kenya Kithaka wa Mberia na Alamin Mazrui wafungue njia zao, wahakiki wengi wamekuwa wakieleza kudumu kwa arudhi magazetini kuwa ni ukaidi wa wahafidhina. Shairi huru ninalithamini na ninalifundisha kwa mapenzi. Lakini kwa kiasi kikubwa limeishi katika diwani na darasani, mahali ambapo msomaji ana saa nzima ya utulivu. Tarbia imeendelea kushika gazeti kwa sababu umbo lake linapatana na siku yenye kukatizwakatizwa. Hili ni suala la namna watu wanavyosoma, na uhakiki wetu haujalipa uzito unaostahili kwa kuwa tunamchunguza mtunzi na matini, kisha tunamwacha msomaji.

Kuna mabadiliko yanayonisikitisha. Zamani shairi lenyewe ndilo lililokuwa habari. Siku hizi tunapata zaidi habari kuhusu ushairi: nani ameshinda, nani amezindua, nani ametutoka. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, inayoitwa sasa Safal-Cornell, ilianzishwa mwaka 2014, na imefanya kazi kubwa ya kuheshimisha uandishi katika lugha hii. Mohammed Ghassani, Dotto Rangimoto na Mkenya Jacob Ngumbau Julius, mwenye Moto wa Kifuu, wote waliibuka washindi katika ushairi. Lakini habari zenyewe husemaje? Hutaja jina, anwani ya diwani na dola 5,000. Ubeti hata mmoja haumo. Mfuatiliaji wa mtaa wa Langas au Kapsoya hapa Eldoret anabaki akijua kwamba shairi zuri limetungwa mahali fulani. Akienda dukani kuitafuta diwani hiyo, anakuta maduka yetu ya vitabu yanaishi kwa vitabu vya shule, na diwani isiyo ya mtihani haina rafu. Mhariri angeweza kulimaliza tatizo hili kwa nafasi ya mishororo minane tu.

Simu imeziba sehemu ya pengo hilo. Mwandishi Ken Walibora alipofariki Nairobi Aprili 2020 na kuzikwa Trans Nzoia, jirani zetu hapa, nchi ilikuwa chini ya masharti ya korona na wengi waliotaka kumzika hawakuweza kusafiri. Kilio kiliendelea kwa tungo. Tanzia zilizunguka katika makundi ya simu, mwalimu akimpelekea mwalimu, mwanafunzi akimpelekea mzazi, na kwa siku hizo chache shairi likawa tena habari yenyewe. Ila simu ina kasoro ambayo gazeti halikuwa nayo: shairi likishasambazwa mara tatu nne, jina la mtunzi hung'oka, na mji wake pia. Hatujui tena tumjibu nani. Nasema hivi kwa uchungu, kwa kuwa kujibizana ni uhai wa ushairi huu. Mtunzi wa bara aliyetupa hoja gazetini alijua kwamba mtu wa Lamu au Tanga angeweza kumpinga kwa vina vile vile.

Katika Eldoret kujibizana huko kuna uzito wa pekee. Wengi wetu hapa tumejifunza Kiswahili baada ya Kinandi, Kikeiyo, Kiluhya au Kikuyu, na redio zinazosikilizwa sana majumbani nyingi ni za lugha hizo. Mji huu ulijeruhiwa vibaya na ghasia za baada ya uchaguzi za 2007 na 2008, majirani wakageukiana. Siamini kwamba shairi huponya majeraha ya aina hiyo. Ninachoweza kudai ni kidogo zaidi: ukurasa wa mashairi ulimtaka mtu ambishie mwenzake asiyemjua, wa ukoo mwingine, kwa kufuata kanuni zilizowafunga wote wawili. Shule humfundisha kijana kutambua inkisari na tabdila, yaani kufupisha na kubadili maneno ili mizani na vina vitimie, kwa ajili ya alama za mtihani. Ukurasa ule ulimpa sababu ya kuzitumia.

Najua nitaambiwa kwamba mashairi mengi ya gazetini ni dhaifu, vina vimetimia na fikra haipo. Ni kweli kwa mengi. Hata hivyo, hoja hiyo haitoshi kuyatupa, kwa sababu hatujayasoma kwa wingi wa kutosha kuweza kutenga pumba na mchele.

Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984, kina idara ya Kiswahili yenye jarida lake, Mwanga wa Lugha. Chuo Kikuu cha Eldoret kiko upande wa pili wa mji. Vyuo hivi viwili vingeweza kugawana kazi ya kuorodhesha mashairi ya magazetini yaliyotoka kwa watunzi wa Bonde la Ufa, mwaka kwa mwaka, pamoja na mada, bahari na majibu yaliyofuata. Wanafunzi wa uzamili wanaohangaika kila mwaka kutafuta mada za tasnifu wangepata malighafi ambayo haijaguswa. Waanze kwa watunzi na wasomaji wa miaka ya 1970 na 1980 ambao wangali hai, kwa kuwa wapo waliokata mashairi yao gazetini na kuyahifadhi majumbani. Waulizwe shairi walilisoma saa ngapi za siku, walikuwa katika kazi gani, walimsomea nani, na kama waliwahi kujibiwa.