Baiskeli Iliyookoa Nyimbo za Connemara

Mwaka 1942, vita vikiwa vimeifanya petroli kuwa adimu Ayalandi nzima, kijana wa miaka 23 alipewa kalamu, karatasi na kazi ya kuzungukia vijiji vya magharibi kwa baiskeli. Mshahara ulikuwa pauni 3 kwa wiki. Séamus Ennis hakuwa msomi wa chuo kikuu. Alikuwa mpiga zumari la mfuko, kama baba yake, na nota za muziki alijifunza kuziandika kwenye kiwanda cha uchapaji cha Colm Ó Lochlainn huko Dublin. Karatasi zilipoadimika kwa sababu ya vita, kazi yake kiwandani ikaisha.

Mwajiri wake mpya alikuwa Tume ya Fasihi Simulizi ya Ayalandi, iliyoundwa na serikali mwaka 1935 chini ya Séamus Ó Duilearga. Tume ilikuwa mbioni. Njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 iliua watu wapatao milioni moja na kuwakimbiza wengine wengi ng'ambo, na pigo zito liliwaangukia wasemaji wa Kiayalandi. Karne moja baadaye wazee waliobaki na ngano na nyimbo za lugha hiyo walikuwa wakizikwa nazo.

Baadhi ya wakusanyaji walibeba Ediphone, mashine ya kunasa sauti kwenye silinda za nta, yenye uzito wa zaidi ya kilo 20. Maneno yakishanakiliwa daftarini, nta ilikwanguliwa ili silinda itumike tena, maana fedha zilikuwa haba. Hasara hiyo inauma hadi leo: maneno yapo, sauti nyingi hazipo.

Ennis alitegemea zaidi sikio lake. Katika kijiji cha Glinsce, pwani ya Connemara magharibi mwa Ayalandi, alimkuta Colm Ó Caodháin, mkulima mdogo na mvuvi, akaandika kutoka kinywani mwake nyimbo na masimulizi 212. Hazina kama hiyo haitolewi kwa mgeni wa siku moja. Ennis alirudi tena na tena, akamsaidia Colm kazi zake, wakawa marafiki. Hapo ndipo baiskeli ilipomfaa kuliko gari. Mwenye gari angewahi hotelini kabla ya giza. Mwenye baiskeli huuliza njia, husimamishwa kwa salamu, huomba pa kulala, na usiku ndio wakati wa nyimbo.

Aliiacha Tume mwaka 1947 akaenda redioni, kisha BBC, akiwa amekusanya pia katika kaunti za Donegal na Mayo, na hata Uskoti. Shajara yake ya miaka hiyo ilichapishwa mwaka 2007, na inastahili kusomwa na kila anayetaka kuandika historia ya kijiji. Madaftari ya Tume yanatunzwa University College Dublin. Mwaka 2017 UNESCO iliyaingiza katika rejista yake ya Kumbukumbu ya Dunia.