Kumiliki au Kukodi? Somo la Ndege Ndogo

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kila mjadala wa ndege unapoibuka nchini mwetu, usemi huo huibuka nao. Katika semina yangu ya historia ya uchumi, mwanafunzi mmoja aliuweka kwa namna yake: "Dokta, kama taifa lina uwezo wa kununua, kwa nini likodi?" Wenzake wakampigia makofi. Sikumjibu papo hapo. Niliwaomba kwanza turudi kwenye ndege ndogo, kwa kuwa huko hesabu haina pa kujificha.

Turudi Nairobi ya mwaka 1929. Mjane mlowezi, Florence Kerr Wilson, akishirikiana na rubani Tom Campbell Black, alianzisha kampuni ya Wilson Airways kwa ndege moja ya aina ya Gipsy Moth: injini moja, viti viwili, rubani na abiria wote wakipigwa na upepo. Biashara yake ilisimama juu ya jambo moja. Wapo watu wengi wanaohitaji kuruka mara chache, na hakuna hata mmoja kati yao anayehitaji ndege kila siku. Ofisa, mwindaji, mgonjwa na mfuko wa barua waliweza kugawana gharama za chombo kimoja bila hata kufahamiana. Kampuni ilikua, ikasafirisha barua na abiria kati ya miji ya Afrika Mashariki, hadi Vita Kuu ya Pili ilipozuka mwaka 1939 na ndege zake zikachukuliwa kwa kazi za kijeshi. Jina la mama huyo lingali kwenye uwanja wa Wilson, Nairobi.

Wakati huohuo walikuwapo waliotaka ndege iwe yao. Denys Finch Hatton, mwindaji wa Kiingereza, alinunua Gipsy Moth yake na kuitumia kuwatafuta tembo kutoka angani. Mei 1931 ilianguka Voi, akafa pamoja na mtumishi wake Mkikuyu aliyeitwa Kamau. Uhuru wa mmiliki ulikuwa wa kweli: aliruka alipotaka, bila kuomba ratiba ya mtu. Lakini hasara ya umiliki haikumwishia yeye peke yake. Kamau hakuwa na hisa katika ndege ile.

Sasa tuje kwenye hesabu. Chukua Cessna 172, ndege ya viti vinne inayotumika katika shule nyingi za urubani duniani. Mwenye nayo hulipa bima, maegesho au banda, na ukaguzi wa kila mwaka, iwe imeruka au imelala. Ikiruka, huongeza mafuta, vilainishi na akiba ya kufumua injini, ambayo kwa matoleo mengi ya injini za aina hiyo hupendekezwa kila baada ya saa zipatazo 2,000. Tuseme, kwa mfano tu, gharama zisizobadilika ni dola 12,000 kwa mwaka, gharama za kuruka ni dola 90 kwa saa, na kukodi ni dola 210 kwa saa. Anayeruka saa 30 kwa mwaka atatumia dola 490 kwa kila saa ya ndege yake mwenyewe. Akiruka saa 100, kumiliki na kukodi vinalingana. Akifika saa 300, saa moja inamgharimu dola 130, na anayekodi ndiye mjinga. Na hapo bado hatujahesabu mtaji uliolala ndani ya bati, wala uchakavu.

Kwa hiyo swali la kwanza si "yetu au ya watu?" Swali ni "itaruka saa ngapi?"

Msomaji asidhani ninaitetea kodi. Mwaka 2007 shirika letu, ATCL, lilikodi Airbus A320 kwa dhamana ya Serikali. Ndege ilitumika kwa muda mfupi, ikapelekwa nje kwa matengenezo, na deni likaendelea kukua hata pale ilipokuwa hairuki. Huko ndiko kukodi kubaya kuliko kote: mpangaji amebeba mzigo wa mwenye nyumba, naye hana nyumba. Mkataba wa kukodi una maana pale tu unapomwachia mwenye mali hatari za mali yake.

Mwaka 2016 tukageukia upande wa pili. Serikali ilinunua ndege mbili za Bombardier Q400, kisha nyingine kubwa zaidi, ikaziweka chini ya Wakala wa Ndege za Serikali, na ATCL ikawa mkodishwaji wa ndege za umma. Tulishangilia zilipotua, nami nilikuwa miongoni mwa walioshangilia. Lakini mwaka 2022 baadhi ya Airbus A220 zilisimama kwa matatizo ya injini, na tukajifunza alichokijua kila mwenye ndege ndogo: ndege iliyoegeshwa haiachi kula.

Kwa wanafunzi wangu, wanaharakati na watumishi wa umma wanaosoma hapa, naomba tubadili tunachokidai. Tusiishie kuuliza bei ya kununua. Tuulize saa za kuruka zilizokadiriwa na zilizorukwa, tuulize fungu la matengenezo, na tuulize nani analipa chombo kinaposimama. Maswali hayo yanahusu pia magari ya idara, mitambo ya hospitali na majengo ya ofisi.

Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alitukumbusha kwamba kupanga ni kuchagua. Kiswahili chetu kina hekima ya ziada hapo, kwani anayepanga mipango na anayepanga nyumba wote hutumia kitenzi kimoja. Wote wawili, kabla ya kutia saini, hawana budi kupiga hesabu.