Kahawa, Miraa, Kompyuta

Ukiwa kijana wa Embu au Meru mwenye digrii ya kompyuta na huna kazi, utaambiwa umepatwa na balaa jipya: AI, kampuni kufungwa, wawekezaji kubana pesa. Jipya? Huku kwetu, riziki kukatwa na uamuzi wa mtu aliye mbali ni hadithi ya zamani sana.

Anza na kahawa. Serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika kuipanda. Walowezi walisingizia magonjwa ya mimea na wizi, lakini pia waliogopa kukosa vibarua. Miaka ya 1930 katazo likalegezwa, kwa masharti, Kisii, Embu na Meru, mbali na mashamba yao. Baadaye kahawa ikajenga nyumba za mawe na kulipa karo. Kisha Julai 1989, nchi zinazouza na zinazonunua zikashindwa kuelewana, mgao wa mauzo ukaondolewa, na bei ikaanguka karibu nusu ndani ya miezi michache. Hakuna mkulima wa Runyenjes aliyeulizwa. Na sheria ilimkataza kung'oa miti yake mwenyewe! Wengi walipanda mahindi na maharagwe katikati ya mistari, wakanyamaza.

Miraa nayo: Januari 2013 baraza la wataalamu la Uingereza liliishauri serikali yao isiipige marufuku. Theresa May, waziri wa mambo ya ndani wakati huo, akaipiga hata hivyo. Tarehe 24 Juni 2014 soko la London likafungwa kwa watu wa Igembe.

Halafu sisi. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kikapata hati yake 2013, cha Embu 2016. Serikali ikaja na Ajira Digital, tukaambiwa kazi iko kwa laptop. Na kwa muda ilikuwepo kweli. Watu waliandikia wanafunzi wa ng'ambo insha (sitetei, lakini ililipa rent). Wengine walichora visanduku kuzunguka magari kwenye picha, moja baada ya nyingine, usiku kucha, ili mashine ijifunze kuona barabara. Novemba 2022 ChatGPT ikatokea na insha zikaanza kukauka. Januari 2023 Sama ya Nairobi ikatangaza kuacha kazi ya kuchuja maudhui ya Facebook. Machi 2024 Remotasks ikafunga milango Kenya, kwa barua pepe.

Mimi nilimaliza chuo katikati ya hayo yote. Maombi niliyotuma niliacha kuyahesabu. Kuna kampuni ilinipa mtihani wa siku tatu, nikaufanya wote, kimya mpaka leo. Kazi ya kuanzia inataka uzoefu wa miaka mitatu. Utaupata wapi sasa?

Nikimweleza babu, swali lake ni moja: "Na mwenyekiti wenu ni nani?" Kwake kila kazi ina sosaiti: kuna faktori, kuna daftari la kilo, kuna mkutano ambapo mzee anasimama na kufoka mpaka koo likauke. Sosaiti zilikula pesa za wakulima, hilo halifichiki. Lakini ulijua ofisi iko wapi. Tena bei ya kahawa ilipopanda, aliyetunza miti alikuwa nayo. Akaunti ikifungwa huachiwi kitu, hata zile nyota ulizopewa kwa kazi nzuri.

Wachujaji wa maudhui waliliona hilo mapema. Tarehe 1 Mei 2023, zaidi ya 150 kati yao walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama cha wafanyakazi. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema Meta, wenye Facebook, wanaweza kushtakiwa hapa Kenya. Nilimsomea babu habari hiyo kwa simu yangu. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akataka kujua ada ya kujiunga ni pesa ngapi.