Siku Nzima Ngomeni

Mji wa Kale wa Mombasa hauendwi mbio. Anayetaka kuujua huingia asubuhi, jua halijawa kali, akala mahamri na mbaazi za nazi, kisha akaifuata Ndia Kuu polepole. Ndivyo tulivyofanya mimi na mpwa wangu wa miaka 11, aliyekuja likizo kutoka Nakuru. Jina la barabara lilimsimamisha. Nikamweleza kwamba hapa ni Mvita, na Kimvita husema ndia pale ambapo kwenye daftari lake huandika njia. Akalirudia mara tatu kwa furaha. Tukazitazama roshani za mbao na milango ya nakshi, tukapita Msikiti wa Mandhry, tukateremka kuyaona majahazi bandarini. Saa tano tukafika Ngomeni.

Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mhandisi wa Milan. Aliyeamuru ni mfalme Philip II wa Uhispania, ambaye siku hizo aliitawala Ureno pia. Ukiusogelea ukuta na kuweka kiganja, unahisi vitundu vidogo vidogo vinavyokwaruza ngozi: ni tumbawe, mawe yaliyowahi kuwa viumbe vya baharini. Bahari iliyowaleta wageni ndiyo iliyowapa pia mawe ya kujifungia.

Wenye mji hawakulala. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa Goa na kubatizwa jina la Dom Jerónimo, aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni wa Kireno na kuiteka. Mwaka uliofuata aliihama, na Wareno wakarudi.

Lakini kisa kinachonikaa moyoni ni cha mazingiwa makubwa. Machi 1696 majeshi ya Imamu wa Oman yaliizingira ngome. Vitabu vingi husimulia kana kwamba vilikuwa vita vya Wareno na Waarabu tu. Sivyo. Pamoja na askari wachache wa Kireno walijifungia humo mamia ya watu wa pwani. Njaa iliwakondesha, kisha ikaja tauni. Kufikia Agosti 1697 kapteni wa Kireno alikuwa amekufa, na aliyeshika uongozi ni Bwana Daud wa Faza, Mswahili, akiwa na jamaa zake 17, wanaume wachache wa Kiafrika na wanawake wa Kiafrika wapatao 50. Hao ndio walioilinda ngome mpaka msaada ulipowasili mwezi uliofuata.

Wapo wanaomlaumu Bwana Daud kwa kusimama upande wa Wareno. Mimi simlaumu. Faza ilikuwa na uhasama wake na Pate, na Pate ilikuwa upande wa Oman. Watu wa pwani walikuwa na siasa zao wenyewe, na ni kuwadunisha kuwafanya wapambe wa vita vya wengine.

Ngome ilianguka tarehe 13 Desemba 1698, baada ya miezi 33. Siku saba baadaye merikebu za msaada zilitokea, zikakuta bendera ya Oman juu ya ukuta. Baadaye ukoo wa Mazrui uliitawala Mombasa kutoka humo, mpaka Sayyid Said wa Oman alipoitwaa mwaka 1837. Kuanzia 1895 hadi 1958 Waingereza waliifanya jela. Husemwa kwamba neno letu gereza limetokana na neno la Kireno la kanisa, na humu ndani, palipokuwa na kanisa na kisha wafungwa, neno hilo linatia baridi mwilini. Mwaka 1960 ilifunguliwa kuwa makumbusho, na 2011 UNESCO ikaitia katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mpwa wangu alikaa sana mbele ya michoro ya askari wa Kireno, waliyoichora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu: merikebu, samaki, watu waliovaa deraya, hata kinyonga. Alicheka kumwona kinyonga. Mtu aliyekuwa mbali na kwao, alisema, alikaa akamtazama mnyama huyu mpaka akamjua.

Alasiri tulikaa kivulini juu ya buruji, upepo wa bahari ukitupiga. Nikamsimulia habari za wale wanawake 50. Akanyamaza kidogo.

"Mjomba, walikuwa wakiitwaje?"

Nikamwambia majina ya makapteni yameandikwa, yao hayamo vitabuni.

"Na maji walikuwa wakichota wapi?"

Nikamwonyesha birika la maji ya mvua uani. Akateremka mbio, akainama ukingoni, akachungulia ndani muda mrefu. Alikuwa bado pale mlinzi alipokuja kutuambia wanafunga.