Robo Karne ya Kuzunguka Minara ya New Jersey

Mnara wa taa wa Sandy Hook, mkongwe kuliko yote inayoendelea kuwaka nchini Marekani, ulijengwa kwa fedha za bahati nasibu. Wafanyabiashara wa New York walikuwa wamechoka kupoteza shehena kwenye mafungu ya mchanga yaliyo mlangoni mwa bandari yao. Mwaka 1761 ikapatikana ruhusa ya baraza la koloni, tiketi zikauzwa. Awamu ya kwanza haikutosha, ikafuata ya pili, na tarehe 11 Juni 1764 taa ikawashwa kwa mara ya kwanza. Kuanzia hapo meli zilizoingia zilitozwa ushuru kwa kadiri ya tani zake, na fedha hizo ndizo zilizoutunza mnara.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu mkusanyiko uliotimiza robo karne, Lighthouse Challenge of New Jersey, mara nyingi huchukuliwa kuwa mchezo wa wastaafu wenye magari na muda wa kupoteza. Wastaafu kweli hawakosekani. Lakini kilichopo pale ni harambee, na pwani ile ina mazoea ya harambee tangu enzi za Mwingereza.

Ulianza mwaka 2000. Waandaaji ni New Jersey Lighthouse Society, jumuiya ya wapenzi wa minara yenye mikutano yake na jarida lake, The Beam. Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi: wikiendi moja ya Oktoba, minara ya jimbo inayofikika kwa barabara ifunguliwe kwa pamoja, na mwenye nguvu aizungukie yote ndani ya siku mbili. Kila kituo kina kikumbusho chake ambacho hakitolewi kituo kingine. Aliyekosa mnara mmoja anarudi nyumbani na pengo kwenye mkusanyo wake, na mkusanyaji yeyote anajua pengo linavyomnyima mtu raha.

Hapo ndipo penye werevu wa wazo hilo. Wakusanyaji wa minara walikuwepo zamani. Wapo wanaojaza makabati kwa vinyago vya minara, wapo wa kadi za posta, na wapo wanaotembea na kijitabu cha pasipoti cha United States Lighthouse Society wakigongewa muhuri kila wanapofika. Mihuri 60 ikitimia, wanapewa beji ya kitambaa. Watu hawa walikuwa na hamu, muda na pochi. Kilichokosekana ni mtu wa kuielekeza hamu ile kwenye milango inayohitaji fedha. Jumuiya ikaifanya kazi hiyo bila kujenga ofisi kubwa wala kuajiri jeshi la watu. Ilipanga tarehe, ikachapa orodha ya vituo, ikaandaa vikumbusho. Kilichobaki wakafanya watu wa minara wenyewe, kila kundi kwenye kituo chake: meza mlangoni, sanduku la michango, mtu wa kusimama chini ya ngazi na mwingine juu.

Ili kuelewa kwa nini milango ile ilihitaji fedha, turudi nyuma kidogo. Mwaka 1939 idara ya serikali kuu iliyosimamia minara iliunganishwa na walinzi wa pwani, Coast Guard. Miongo iliyofuata umeme na mitambo vilichukua kazi ya watunza taa, mmoja baada ya mwingine. Taa inayojiwasha haihitaji mtu, na nyumba isiyo na mtu huanza kuvuja. Minara mingine ilizimwa kabisa kwa sababu meli zilipata rada, au mkondo wa maji ulichimbwa upya mahali pengine, au mlingoti wa chuma wenye taa ndogo uliweza kufanya kazi ileile kwa gharama kidogo. Coast Guard haikuwa na kosa hapo. Kazi yake ni usalama wa vyombo, si kupaka rangi majengo ya karne ya 19.

Waliookoa minara ya New Jersey mwanzoni walikuwa majirani. Mnara wa Hereford Inlet kule North Wildwood, nyumba ya mbao ya mwaka 1874 iliyochorwa na Paul Pelz, mmoja wa wasanifu wa maktaba ya Bunge kule Washington, ulizimwa mwaka 1964 ukapigiliwa mbao madirishani kwa miaka 18. Mwaka 1982 mji ukaukodi, watu wakaanza kuusafisha. Sea Girt ilikuwa na kamati yake ya wananchi tangu 1981. Cape May, taasisi ya sanaa ya mjini hapo iliukodi mnara mwaka 1986, na miaka miwili baadaye wageni wakaanza kupanda ngazi zake 199. Kila mji ulikuwa na kundi lake, na kila kundi lilihangaika peke yake. Mzunguko wa Oktoba ndio uliowaweka kwenye ramani moja.

Sadfa ikasaidia. Mwezi Oktoba mwaka huohuo wa 2000, Rais Bill Clinton alitia saini sheria ya kuhifadhi minara ya kihistoria, iliyoruhusu serikali kuu kuigawa bure kwa miji na vyama visivyo vya faida vilivyo tayari kuitunza. Usipopata mtunzaji, mnara unapigwa mnada. Baadhi ya minara iliyo katikati ya maji ya Delaware Bay imeonja mnada huo. Kuanzia hapo swali la nani anajali mnara upi likawa na matokeo ya kisheria, na kundi lenye wageni wa kuonyesha likawa na hoja.

Sasa twende Paulsboro, kwani hapo ndipo mzunguko huu unapoonekana faida yake. Mnara wa Tinicum uko kando ya mto Delaware, karibu na viwanja vya watoto kuchezea besiboli, mbali na ufuko wowote wa kitalii. Ni chuma kitupu cheusi, urefu wa mita 26 hivi, miguu imepanuka, katikati pamesimama bomba lenye ngazi ya kuzunguka ndani yake. Ulianza kuwaka siku ya mwisho ya mwaka 1880. Mtalii wa kawaida hana sababu ya kuutafuta. Lakini hebu simama kwenye nafasi ya nahodha. Mbele yake, kando ya maji, kuna taa moja fupi. Nyuma ya taa hiyo, nchi kavu, kuna hii ndefu. Zote nyekundu. Anapokuja na meli, anatazama zilivyokaa: ikiwa ya juu imesimama wima juu ya ya chini, yuko katikati ya mkondo wenye kina. Ikiwa ya juu imehamia kushoto, ameteleza kushoto; ikiwa imehamia kulia, ameteleza kulia. Hahitaji kupima chochote. Taa ya Tinicum inafanya kazi hiyo hadi leo, na kundi dogo lililoundwa mwaka 1997 ndilo linaloufungulia umma mnara.

Mnara kama huu haupati wageni kwa uzuri wake. Unawapata kwa sababu uko kwenye orodha. Mwenye kuchagua kwa macho angeishia Cape May, ale samaki, apige picha, arudi zake. Lakini orodha haina mkubwa wala mdogo: kikumbusho cha Tinicum kina uzito uleule na cha Sandy Hook, kwa hiyo mtu ataendesha gari hadi Paulsboro, apite viwanda vya mafuta, apande ngazi, atoe mchango wake. Vivyo hivyo Finns Point, mnara wa chuma wa mita 35 uliotengenezwa na kampuni ya madaraja ya Buffalo, vipande vyake vikaletwa kwa reli hadi Salem, kisha kwa magari ya kukokotwa na nyumbu. Nao ulikuwa taa ya nyuma ya jozi kama ile. Mkondo ulipobadilishwa, jozi ikakosa kazi, na mwaka 1950 mnara ukazimwa. Kwa maoni yangu, kama jumuiya isingefanya lolote zaidi ya kuwapeleka watu kwenye minara hii miwili, ingekuwa imestahili sherehe yake.

East Point ni habari nyingine. Ni nyumba ya matofali, nyeupe, paa jekundu, kijumba cha taa kikiwa juu yake, imekaa kwenye mdomo wa mto Maurice tangu 1849. Ilizimwa mwaka 1941. Mwaka 1971 moto uliteketeza paa. Mwaka huohuo wakazi wakaunda Maurice River Historical Society, na tangu hapo nyumba ile imekuwa kama mgonjwa mwenye ndugu wengi. Taa ikarudi 1980. Ukarabati mkubwa ulikamilika mwaka 2017, kazi ikafanyika vizuri hata vyumba vikapangwa upya kama alivyoviacha mtunza taa. Tatizo ni kwamba maji hayakusubiri. Ufuko mbele ya nyumba umeliwa mpaka karibu na ngazi, na serikali ya jimbo imelazimika kulaza mirija mikubwa iliyojazwa mchanga ili kuzuia mawimbi.

Hapa niseme wazi jambo ambalo sherehe huwa zinalikwepa. Fedha za vikumbusho hazijengi upya mnara. Kazi kama ya East Point huhitaji ruzuku ya serikali, wahandisi na wakandarasi. Michango ya Oktoba hununua rangi, hulipa umeme na bima, hubadilisha kioo kilichovunjika. Lakini ruzuku nayo haianguki kutoka mbinguni. Afisa anayegawa fedha za umma anauliza watu wangapi wanapatembelea mahali hapa, na kundi lenye daftari la wageni lililojaa linajibu kwa urahisi kuliko lenye mlango uliofungwa. Ndiyo maana nahesabu miguu iliyopanda ngazi kuwa mapato pia.

Wanaolaumu mzunguko huu wana hoja yao. Wanasema mtu anayefukuzana na saa haoni kitu: anapanda mbio, anachukua kikumbusho, anashuka, anawasha gari. Kweli wapo wa namna hiyo. Anayepita Absecon kwa haraka, kwa mfano, anapitwa na mengi. Mnara ule uko Atlantic City, mitaa michache kutoka kwenye majumba ya kamari, una urefu wa mita 52 na vidato 228. Ukifika juu ukiwa huna pumzi, mbele yako kuna lenzi ya Fresnel ya daraja la kwanza, kioo cha Kifaransa kilichowekwa hapohapo mwaka 1857 na hakijawahi kuondolewa. Ukisogeza uso karibu unaona miche ya kioo imepangwa safu juu ya safu, kila safu kwa pembe yake, ili mwanga ambao ungepotea kwenda juu na chini ukunjwe utoke kwa ubapa kuelekea baharini. Ni hesabu iliyogandishwa kwenye kioo, na dakika tano haziitoshi. Lakini wengi wanaokimbia Oktoba hurudi wakati mwingine kwa utulivu, na asiyewahi kufika hana pa kurudi.

Kituo kimoja kwenye orodha si mnara wa asili. Kule Tuckerton wameujenga upya mfano wa mnara wa Tucker's Island. Ule wenyewe ulikuwa kwenye kisiwa kilichomegwa na bahari kidogo kidogo, hadi mwaka 1927 nyumba ikaegemea upande mmoja na kuanguka majini. Kulikuwa na mtu mwenye kamera, akapiga picha moja baada ya nyingine: nyumba imesimama, imeinama, imelala, imevunjika. Kisiwa chenyewe nacho kikatoweka. Picha zile zipo Tuckerton, na mgeni wa mzunguko akitoka hapo kwenda East Point hahitaji kuelezwa mirija ya mchanga ni ya nini.

Tufani ya Sandy ilipoingia nchi kavu karibu na Atlantic City tarehe 29 Oktoba 2012, pwani nzima iliharibika vibaya, na eneo la Sandy Hook likafungwa kwa miezi. Mnara wa 1764 ulibaki wima. Umeshazoea: mwaka 1776 wanamapinduzi wa Kimarekani walizing'oa taa zake zisiwasaidie Waingereza, kisha wakaupiga mizinga wauangushe, wakashindwa. Ulipojengwa ulikuwa mita 150 hivi kutoka ncha ya rasi. Leo mchanga umejikusanya mbele yake na ncha iko zaidi ya kilomita mbili. Bahari ileile inayokula East Point inailisha Sandy Hook.

Wasomaji wetu mnaoishi Jersey City na miji ya karibu, nanyi Waswahili wenye ndugu huko, Oktoba ijayo hamtahitaji visa ya pili kuyaona haya. Sandy Hook ni mwendo wa saa moja na kitu kwa gari, lakini msianzie huko, kwa sababu Sandy Hook haikosi watu. Anzeni Paulsboro asubuhi, mshuke Finns Point, mfike East Point kabla jua halijazama. Vaeni viatu vya kupandia ngazi, bebeni noti ndogondogo, na mlangoni mtoe zaidi ya bei ya kikumbusho.