Mashada Ilifungwa na Mtu, Si Mashine

Wakubwa wetu hupenda kutuambia kwamba intaneti ya zamani ilikuwa tamu kuliko hii yetu. Eti watu walijuana, na ubishi uliisha kwa vicheko. Sawa. Lakini wasee, hebu tuangalie historia yenyewe kwanza.

Kuingia tu kulikuwa kazi. Kabla ya 2009 Kenya haikuwa na kebo ya faiba ya kupita chini ya bahari. Data ilipitia setelaiti, ndiyo maana ilikuwa ghali na ya pole pole. Nyumbani ulitumia modemu ya simu ya mezani, kasi yake ya juu kabisa kilobiti 56 kwa sekunde. Picha moja ya megabaiti 2 ingekula karibu dakika 5, na muda huo wote simu ya nyumba haiingii. Stima ikipotea, unaanza upya. Wengi walienda saiba, wakalipia dakika huku wakiangalia saa. Halafu virusi! Kompyuta ya kwetu ilipata kirusi kutoka kwa fleshi ya jirani, folda zote zikapotea machoni.

Watu walivumilia hayo yote kwa sababu kulikuwa na mahali pa kwenda. Mahali pamoja paliitwa Mashada, jukwaa lililoanzishwa na David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani. Hapo Wakenya wa nyumbani na wa majuu walipiga siasa, muziki na udaku kwa majina ya kubuni.

Ikaja Desemba 2007. Matokeo ya uchaguzi yakapingwa, serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na nchi ikaanza kuungua. Zaidi ya watu 1,000 waliuawa. Watu walikimbilia mtandaoni kutafuta habari, na chuki ya kikabila ikaingia nao. Wale wale waliokuwa wakitaniana wakaanza kutukanana kabila. Kwa hivyo ule utamu tunaoambiwa haukuwa kinga. Chuki haikungoja simu janja wala bando za bei nafuu.

Lakini angalia kilichofuata. Januari 2008 Kobia aliifunga Mashada, jukwaa alilolijenga mwenyewe. Akafungua tovuti nyingine, I Have No Tribe, watu waandike kama Wakenya tu. Mwezi huohuo alishirikiana na Ory Okolloh, Erik Hersman na Juliana Rotich kuunda Ushahidi, ramani ya kuonyesha ghasia zilikotokea kwa ripoti za wananchi wenyewe. Miaka miwili baadaye ramani hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Kwangu, hicho ndicho cha kukosa. Si mlio wa modemu, si saiba. Ni kwamba jukwaa lilikuwa na mwenyewe, mtu unayemjua jina, aliyeweza kusema imetosha. Leo tunaachia mashine za kampuni za mbali zituamulie, na hizo hazijui tusi la kijiji chako linamaanisha nini.

2027 iko hapo tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mitandao mikubwa hatuimiliki, lakini magrupu ya mtaa, ya darasa na ya familia ni yetu. Kama wewe ni admini, amua sasa ni neno gani likiandikwa utafunga mlango, hata kama aliyeliandika ni beshte yako.